Kuhamisha, kutatua au kufumbua mlinganyo?

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nikifundisha milinganyo kama 3x + 4 = 19, huwaambia wanafunzi, "Hamisheni 4 iende upande wa pili, ibadilike alama." Mwenzangu anadai kwamba "hamisha" hapo ni neno baya. Tena yeye husema "kufumbua mlinganyo", nami husema "kutatua". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, kuhusu kutatua na kufumbua nyote wawili mko sahihi. Kuhusu kuhamisha, mwenzako amekushinda.

Tazama maumbo ya vitenzi vyenyewe. Uzi ukitatana, tunautatua. Kilichofumbwa tunakifumbua, kama vile kilichofungwa kinavyofunguliwa na kilichozibwa kinavyozibuliwa. Hiyo ndiyo kauli ya kutendua: kitenzi kinachorudisha nyuma jambo lililokwisha kutendwa. Na mlinganyo ndivyo unavyotaka ufanyiwe. Katika 3x + 4 = 19, kuna namba iliyozidishwa kwa 3, kisha ikajumlishiwa 4. Mwanafunzi anatakiwa atendue, akianza na lililotendwa mwisho: atoe 4 pande zote mbili, abaki na 3x = 15, kisha agawanye pande zote mbili kwa 3. x ni 5. Aliyevaa soksi kisha viatu huvua viatu kwanza. Hilo halihitaji kanuni ya kukariri.

Sasa "hamisha". Kuhamisha ni kutoa kitu hapa na kukiweka pale, kikiwa kilekile. Lakini ile 4 haiendi popote. Imetolewa kushoto, na kulia pia imetolewa 4, basi. Mwanafunzi aliyezoea kuhamisha akifika kwenye 3x = 15 atahamisha na 3, ataibadilisha alama kama alivyofundishwa, na ataandika x = 15 − 3, yaani 12. Ukimsahihisha atashangaa, maana ametii agizo lako neno kwa neno. Mwambie arudishe 12 mahali pa x: 3 mara 12 ni 36, wala si 15. Ningekuwa wewe, ningeliacha neno hilo mpaka darasa zima liweze kueleza 4 imepotea vipi.

(Kwa wapenda asili ya maneno: "aljebra" limetokana na Kiarabu al-jabr, yaani kuunga au kurejesha kilichovunjika, hata mfupa. Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, aliliambatanisha na al-muqabala, kukabilisha pande mbili. Neno hilo la pili tunalo kila siku: mkabala, na ndugu yake kabili.)

"Kukokotoa" ninalitunza kwa hesabu ambayo kila kitu chake kinajulikana, mfano 3 × 5 + 4. Wapo wanaolitumia kwa milinganyo pia, sitagombana nao.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, lakini linahusika: alama ya =. Wanafunzi wengi huisoma kana kwamba inasema "toa jibu", ndiyo maana 19 = 3x + 4 huwachanganya, kwa kuwa "jibu" limetangulia. Jina la Kiswahili linakusaidia. Mlinganyo unatokana na kulingana, basi soma alama hiyo "inalingana na": tatu eksi jumlisha nne inalingana na kumi na tisa. Vitu viwili vikilingana, havijali kipi kimetajwa kwanza. Na useme "pande zote mbili". "Upande zote mbili" ninayoisikia madarasani ni kosa la upatanisho.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mafumbo ya maneno, ambako kineno kimoja hugeuza hesabu nzima. "Namba fulani ikitolewa kwenye 12, inabaki 7" ni 12 − x = 7, na x ni 5. "Namba fulani ikitolewa 12, inabaki 7" ni x − 12 = 7, na x ni 19. Tofauti yote imebebwa na "kwenye". Vivyo hivyo "mara mbili ya namba, jumlisha 3" si "mara mbili ya jumla ya namba na 3". Ya kwanza ni 2x + 3, ya pili 2(x + 3). Kabla wanafunzi hawajashika kalamu, waulize kwanza: kipi kinatolewa, na kinatolewa kwenye nini?