Re: Maua ya mti wa epo na baridi ya usiku

Dada pole, najua unavyojisikia, mti umechanua wote halafu simu inakwambia usiku Michigan inashuka mpaka digrii -3 za Selsiasi. Usikate tamaa. Epo likiwa limechanua kabisa, kwenye -2 kwa nusu saa hivi unapoteza kama ua moja kati ya kumi, ikifika -4 ndo karibu yote yanakwenda, kwa iyo hizo digrii mbili ndo unazopigania.

Leo mchana mwagia maji udongo chini ya mti uloane vizuri, udongo mbichi unatunza joto la jua na usiku unalirudisha juu. Jua likianza kuzama funika mti mzima kwa mashuka au mablanketi mepesi, na hapa ndo wengi wanakosea, wanafunga nguo kwenye shina kama wanafunga mzigo, hapana, iache ifike mpaka chini maana joto linatoka ardhini, ukifunga shinani umelizuia nje. Nailoni isiguse maua kabisa. Zile taa za Krismasi za zamani zinazopata moto zitundike ndani pia, za LED hazisaidii. Asubuhi jua likiwaka funua, nyuki wapite.

Keshokutwa chukua wembe ukate maua kadhaa katikati, ndani pakiwa kijani lipo hai, pakiwa peusi limekufa. Usitegemee petali, yaani vile vijani vya rangi vya ua, zinaweza kuwa nyeupe safi na ndani kumeungua. Tuambie umekuta nini aisee