Kabla hujampa mtu advansi ya swimingi puli

Wapendwa mnaotaka kujenga swimingi puli nyumbani, mimi ya kwangu hapa Mbezi Beach nimeijenga mara mbili kwenye shimo lile lile na hela iliyopotea hapo katikati inaniuma mpaka leo, ndo maana naandika.

Yule fundi wa kwanza nilimchagua kwa picha za kwenye simu na bei. Kotesheni yake karatasi moja, imeandikwa "puli kamili" na jumla chini, hamna nondo za milimita ngapi, hamna pampu ya ukubwa gani, nikaona ni rahisi kuliko wenzake nikatoa karibu robo tatu ya hela. Ikaisha, tailizi za bluu zinang'aa, watoto wakaingia. Wiki ya pili maji yanashuka. Nampigia ananiambia ni jua tu bosi, si unaona joto la Dar.

Sasa shika hii hata kama puli umeshajenga. Jaza ndoo maji iweke kwenye ngazi ya puli, maji ya ndani yalingane na ya nje, chora mstari pande zote mbili, zima pampu. Mimi baada ya saa 24 ndani ya ndoo yalipungua unene wa ukucha, nje vidole vinne! Jua ni hilo hilo moja, kwa hiyo mengine yote yameenda ardhini. Tulipobomoa pale linapopita bomba la taa tukakuta zege lina vitundu kama mkate wa kumimina, nikasukuma msumari kwa kidole ukazama. Hawakushindilia kwa vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege hewa itoke, na mabomba hayakupimwa presha kabla ya kumwaga zege. Yeye simu hapatikani tena.

Wa pili sikuanza na bei. Nikaomba namba ya usajili nikaihakiki Bodi ya Usajili wa Makandarasi, halafu nikamwambia nipeleke kwenye puli uliyojenga miaka mitatu nyuma, tukaenda Kigamboni, nikakaa na mama mwenye nyumba peke yetu nikamuuliza anaongeza maji mara ngapi na fundi akiitwa anakuja au anazungusha. Ongeeni na wenye nyumba jamani, picha hazivuji.

Kingine kilichonifanya nimwamini, alichimba kishimo pembeni akakiacha usiku, asubuhi kina maji. Akanieleza huku karibu na bahari maji ya ardhini yanaweza kuinyanyua puli ikiwa tupu, kwa hiyo akaweka valvu kwenye sakafu ya puli, hayo maji yakisukuma yaingie ndani badala ya kuinyanyua, na akanikataza kabisa kuimwaga yote wakati wa masika. Yule wa kwanza hili hakuligusa. Na pampu aliipigia hesabu mbele yangu: mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, ni lita 48,000, zizunguke zote ndani ya saa 6 basi pampu isukume lita 8,000 kwa saa.

Malipo tuliandikiana kwa hatua, asilimia 10 ikabaki mpaka masika yapite. Na tailizi hakuna kubandika kabla puli ya zege tupu haijajazwa maji ikakaa siku saba tuone kama yanashuka, nilikuwa naamka alfajiri na tochi kuangalia mstari wa penseli. Fundi akikukatalia hilo jaribio, usimpe hata shilingi.