Ukitaka Kuuza Quad II Zako, Weka Tambara Chini

Wapo watu ambao wakitaka kuuza kitu cha zamani, kwanza wanatafuta rangi na tambara. Kwa amplifaya za valvu, yaani ile mirija ya kioo ya kielektroniki, hapo ndipo bei inapoanza kushuka. Nazungumzia Quad II, jozi (moja kwa kila spika) niliyoiuza hapa Uingereza baada ya kuisikiliza kwa miaka. Zilitengenezwa Huntingdon kuanzia 1953 hadi 1970, kazi ya Peter Walker na kampuni yake, na kila moja hutoa wati 15 tu. Redio za gari siku hizi hujitangaza kwa zaidi ya hapo! Lakini anayezitaka hizi hatafuti kelele. Anatafuta kilekile kilichotoka kiwandani.

Kila amplifaya ina valvu tano za aina tatu: KT66 mbili, EF86 mbili, na GZ32 moja. Hela imelala kwenye zile KT66. Zikiwa za GEC, kampuni ya Uingereza, za enzi hizo, zinaweza kubeba sehemu kubwa ya bei ya jozi nzima. Za kisasa kutoka China au Urusi zinapiga vizuri, ila bei yake ni nyingine. Ndiyo maana nasema usipanguse kioo. Maandishi ya valvu za kale hufutika hata kwa kidole, na yakishafutika utamthibitishia nani? Puliza vumbi, piga picha. Tazama pia doa la rangi ya fedha ndani ya kioo. Likishakuwa jeupe, hewa imeingia na valvu hiyo haina kazi tena.

Mnunuzi anayejua ataomba kuona tumboni kabla hajataja bei. Kama hujazoea umeme, mwachie fundi afungue bamba la chini, maana kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na mamia ya volti hata waya ukishachomolewa ukutani. Na kama zimekaa stoo miaka mingi, usiziwashe eti ujaribu. Kapasita ndogo zinazopeleka sauti kwenye KT66 zikizeeka huvujisha umeme, KT66 inavuta kupita kiasi, inachemka, na inaweza kuondoka na transfoma. Kapasita hizo ni bei rahisi. Transfoma ya asili utaitafuta sana.

Nilishauriwa nibadilishe kila kitu ndani ziwe kama mpya. Nikakataa. Fundi alibadilisha zile kapasita ndogo tu, na za zamani nikazitia kwenye bahasha nikamkabidhi mnunuzi, aliyezifurahia kuliko nilivyotarajia. Wakusanyaji ndivyo walivyo.

Mweleze mtu mapema kwamba Quad II haina kitufe cha kuwashia wala cha sauti. Hivyo viko kwenye kifaa cha mbele (preamp), yaani kile kinachopokea sauti kabla ya amplifaya, kwa kawaida Quad 22. Kama unacho, uza pamoja. Usikubali kuuza amplifaya moja peke yake, hata ukibembelezwa: itakayobaki itakusumbua.

Mimi napendelea mnunuzi aje mwenyewe, aketi, asikilize sahani ya santuri anayoipenda, alipe, abebe. Ikibidi kutuma, chomoa valvu zote, zifunge kila moja peke yake, na kila amplifaya iwe na boksi lake ndani ya boksi jingine. Ni kilo 8 na ushei kila moja, karibu zote za transfoma, na boksi likidondoka uzito huo ndio unaopinda chuma.