Kampimeni kwanza Ali bin al-Hasan

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, simulizi za wazee ziingizwe kwenye vitabu vya historia vya shule?" Kilichonikera ni hilo neno "ziingizwe", kana kwamba zimesimama mlangoni zinapiga hodi. Kwa upande wa pwani zimo ndani siku nyingi. Mreno João de Barros alipochapisha kitabu chake mwaka 1552, habari za masultani wa Kilwa alizitoa kwenye tarikhi, yaani kumbukumbu ya kale, ya Wakilwa wenyewe, na Wareno walikuwa wameupora mji huo mwaka 1505. Nakala ya Kiarabu ya tarikhi hiyo iko London na ilichapishwa mwaka 1895. Mwalimu yeyote aliyeandika ubaoni "Washirazi walifika Kilwa" amenukuu wazee, ajue asijue.

Kwa hiyo nitajibu swali jirani. Simulizi ikishaingia, inapimwa kwa mizani gani? Hapo ndipo kazi ya historia ilipobadilika kweli, na mtu wa kutuonyesha ni mmoja: Ali bin al-Hasan, yule anayehesabiwa kuwa sultani wa kwanza wa Kishirazi wa Kilwa.

Tarikhi ya Kiarabu inasimulia merikebu saba kutoka Shirazi, baba na wana sita, na kisiwa kununuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Kwa de Barros, aliyefika Kilwa ni Ali, mwana wa Husein. Tayari nakala mbili zimepishana, na bado hatujagusa miaka.

Miaka ilitafutwa kwa kuhesabu kurudi nyuma. Unashika nguzo moja imara: msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta al-Hasan bin Sulaiman kwenye kiti. Kutoka hapo unatoa miaka ya kila sultani hadi ufike kwa wa kwanza. Kwenye karatasi ni kazi rahisi. Lakini majina ni yaleyale: Hasan, Sulaiman, Daud, Ali, na tena Hasan. Mnukuzi akiinua macho kuchovya kalamu, akirudi anaweza kutua kwenye "Hasan" wa chini badala ya wa juu, na vizazi viwili vimepotea bila hata doa la wino. Halafu kuna kalenda. Mwaka wa hijria una siku 354, kwa hiyo kuchukua mwaka 400 wa hijria na kuongeza 622 ili upate 1022 ni kosa. Zidisha 400 kwa 0.97 kwanza, ndipo uongeze 622. Utapata kama 1010. Miaka kumi na miwili imeokolewa kwa hesabu ya darasa la saba. Pamoja na matatizo yote hayo, waliohesabu hivi walimweka Ali kwenye karne ya 10 au mwanzoni mwa ya 11.

Akaja mwanaakiolojia Neville Chittick na sururu. Alianza kuchimba Kilwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na matokeo yakatoka mwaka 1974 katika majuzuu mawili. Alizipata sarafu za shaba za Ali bin al-Hasan kwa wingi. Upande mmoja una jina, upande wa pili maneno ya kumtumaini Mungu yaliyotiwa vina na jina hilo, kama ubeti mfupi. Mwaka haumo. Basi ikabidi sarafu ipewe umri na tabaka la udongo ilimokutwa, na tabaka lipewe umri na vigae vya vyombo vilivyoletwa kutoka nje. Jibu likawa mwishoni mwa karne ya 12. Ali akasogezwa mbele karibu karne mbili, na Chittick akaona kwamba hao Washirazi huenda walitokea pwani ya kaskazini, si Uajemi. Waliokuja baada yake wakaenda mbali zaidi: Ushirazi ni hadithi ya kujipa heshima, basi.

Hapa pana kosa ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kufundishwa akalielewa. Sarafu ndani ya tabaka inakuambia ilidondoka lini. Haikuambii iligongwa lini. Shaba inapita mikononi miaka mia na zaidi, hasa sarafu ya jina lenye heshima. Tabaka haliwezi kuwa la zamani kuliko kitu kipya kabisa kilichomo. Ila kitu kilichomo kinaweza kuwa cha zamani kuliko tabaka kwa kiasi chochote kile.

Mwaka 1984 ikafukuliwa hazina Mtambwe Mkuu, Pemba, ng'ambo ya Wete. Sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili, ndogo ndogo, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Wafatimia, watawala wa Misri. Dinari zina mwaka. Ya mwisho kabisa ni ya 1066. Na katika zile za fedha limo jina la Ali bin al-Hasan, kwa mtindo uleule wa vina. Ghafla Ali akarudishwa karne ya 11, karibu na pale wazee walipokuwa wamemwacha.

Ningeishia hapo ningekuwa nimewapigia wazee vigelegele, na ndivyo nilivyokusudia nilipoanza kuandika. Lakini pima na hiyo. Dhahabu huwekwa akiba, na hazina yenye dinari ya 1066 ingeweza kufukiwa miaka mingi baadaye. Isitoshe, Ali wa Pemba ni lazima awe Ali wa Kilwa? Jina hilo ni la kila mtaa. Kinachowaunganisha ni mtindo wa sarafu, nao ni ushahidi mzuri, si muhuri.

Machi 2023 yakatoka matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mmoja wa bara: mchanganyiko wa Waafrika na Waasia ulianza karibu na mwaka 1000, upande wa kike kwa sehemu kubwa Waafrika, upande wa kiume kwa sehemu kubwa Waajemi. Wengi walisoma hilo kama ushindi wa merikebu saba. Mimi naliona kama ushindi wa nusu. Wengi wa waliochunguzwa walizikwa kwenye makaburi ya wenye hadhi, na mvuvi au mtumwa hakulala pale. Vinasaba havikutaja Shirazi, havikuhesabu merikebu, na habari za nguo kuzunguka kisiwa hakuna maabara itakayozipima. Pengine ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote, maana inasema kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe, na kwamba palikuwa na mapatano.

Basi jibu langu, ambalo silo nililoanza nalo: hapana, zisiingizwe, kwa sasa, zikiwa peke yake. Simulizi iliyochapwa bila jina la msimulizi, mahali, tarehe na nani alikuwapo akisikiliza haipimiki tena, na ikishakaa kitabuni itamrudia mzee wa kesho naye ataisimulia kama aliipokea kwa babu. Zianze kwenye kinasa sauti, matoleo mawili matatu ya kijiji kimoja, bila kuyalainisha yafanane.

Ila Kilwa naitoa kwenye katazo hilo. Hiyo ipewe kurasa mbili zinazotazamana: kushoto de Barros na nakala ya Kiarabu, tofauti zao zikiachwa kama zilivyo, kulia picha ya sarafu ya Ali pande zote mbili, na chini yake dinari ya 1066. Maelezo yasizidi mistari mitano. Mtihani uulize ni kipi kati ya hivyo kinachoweza kuwa kimekosea, na kimekosea vipi.