Inazima ikipata moto? Tazama mshale kabla ya kununua pompi

Ndugu, umesema gari yako inazima ikishapata moto, ukiiacha dakika 20 inawaka tena, na fundi amebadilisha pompi ya esanse na filtri bila faida. Ugonjwa huo ulinila pesa miezi 3 hapa Bukavu, kwenye gari ya Kijapani ya 1993, ile yenye delko, kifaa kinachogawa moto kwa bujii.

Siku moja ilinizimia pale mtaa wa Essence, natoka Place de l'Indépendance naenda Panzi. Mama muuza sambaza akacheka: "Papa, unakosaje esanse na uko Essence?" Mafundi nao waliwaza kama yeye. Mmoja alilaumu esanse ya makadafi, wale wauzaji wa bidoni barabarani, mwingine akaniuzia pompi. Kesho yake gari ikazima tena.

Aliyenifumbua macho ni mzee wa taksi. Aliniuliza: "Ikizima, mshale wa mizunguko ya injini, ule wa dashibodi, unaangukaje?" Sikuwahi kuutazama. Jioni ile nateremka kutoka Kadutu, gia imeingia, magurudumu bado yanazungusha injini, mshale ukadondoka sufuri mara moja kama mtu kafunga kontakti. Esanse ikikosekana haiwi hivyo: injini inakohoa, inavutavuta, mshale unashuka polepole pamoja na mwendo.

Basi nikaanza kutembea na bujii ya akiba. Ilipozima tena nilichomoa waya mmoja wa bujii, nikauchomeka kwenye ile ya akiba, nikaigusisha chuma cha injini, kijana akapiga demarere. Hakuna cheche. (Kama unasikia harufu ya esanse, usijaribu hivyo.) Nikaweka kitambaa cha maji, nimekikamua vizuri, juu ya delko. Baada ya dakika chache cheche ikarudi, ya bluu, inapiga kwa sauti. Nyumbani tulipima bobini, ile inayotengeneza umeme wa cheche, iliyo ndani ya delko, kwa multimeta: ikiwa baridi, ule uzi wake mnene ulisoma omu 1 hivi, ikiwa moto, haukusoma kitu. Umekatika ndani, joto linauachanisha, baridi inaurudisha. Ukiipima asubuhi tu, utaapa ni nzima. Kwenye gari nyingine ni moduli ya moto wa bujii au sensa ya krenki, tabia ni ileile.

Kama mshale wako unashuka polepole, rudi kwenye esanse. Fungua kofia ya tangi papo hapo: ikivuta hewa "fyuuu" kwa nguvu na gari ikawaka, tundu la hewa limeziba, na hapo huhitaji hata fundi. Usizoee pia kutembea na tangi karibu tupu, pompi ya ndani ya tangi inapozwa na esanse yenyewe. Relei ya pompi nayo, gonga kidogo kwa mpini wa tournevis ikiwa imezima, usikie kama kuna mabadiliko.

Usinunue kitu bado. Ikizima, angalia mshale, kisha cheche, uniambie. Pompi yangu ya kwanza, nzima kabisa, ipo kwenye kartoni chini ya kitanda hadi leo.