Maswali ya Wasomaji: Darasa la 1935 na Wale Wasiokuwepo Kwenye Picha

Barua ya dada wa Kansas ilikuwemo toleo lililopita ila nafasi iliisha tukaacha swali linaning'inia. Kumbe tumewachokoza, wasomaji wengine wawili wakadandia humohumo. Tunairudia kwa kifupi halafu tunajibu wote.

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mi niko Kansas magharibi huku Marekani, mji mdogo kweli, maghala ya ngano na kanisa basi, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Bibi ninayemhudumia kazaliwa 1940, ukutani kwake kuna picha ya shule ya marehemu mama yake, darasa lililomaliza sekondari 1935. Sio picha ya kusimama pamoja, ni vipicha vya kila mtu vimebandikwa kwenye ubao mmoja, wapo 13 tu, wasichana 9 wavulana 4, na chini kuna maneno kama "tunapiga kasia, hatuelei". Mwezi wa tano kuna karamu ya wote waliosoma hapo (shule yenyewe ilishafungwa zamani) na bibi anataka aseme machache kuhusu darasa la mama yake maana hakuna aliye hai wa kulisemea, kaniomba nimsaidie kuandika. Sasa mi nijue nini kuhusu miaka hiyo? Mbona wachache hivyo? Wavulana walienda wapi? Mbona walimu wa kike wote ni Miss, hakuna hata mmoja aliyeolewa? Na mbona hakuna mweusi hata wa dawa? Bibi anasema mama yake alizoea kusema "sote tulikuwa maskini kwa hiyo hatukujua kama tu maskini", je niandike hivyo?

JIBU: Marahaba dada, na hongera kwa kazi, mtu akikupa picha ya mama yake uisemee ujue kakuamini.

Nianze na hilo la uchache. Wakati huo mtoto wa shambani Kansas alisoma shule ya chumba kimoja karibu na kwao, mwalimu mmoja madarasa yote, mpaka la nane. Hapo kuna mtihani wa kaunti, ukipita ndio unaruhusiwa kwenda sekondari ya mjini, na mjini maana yake kilomita 15 au 20 na basi la shule hakuna. Kwa hiyo wengi walipanga chumba au walikaa kwenye nyumba ya watu wanaosha vyombo na kulea watoto ili wapate pa kulala na chakula, Ijumaa wanarudi kwao. Ongeza vitabu ambavyo sehemu nyingi mzazi alinunua mwenyewe, ongeza viatu. Watu 13 kwa mji kama huo sio wachache dada, ni darasa la kawaida kabisa. Shule zilikuwa ndogo kiasi kwamba mwaka 1934 huko Nebraska mwalimu mmoja, Stephen Epler, alibuni futboli ya Marekani ya wachezaji sita kila upande kwa sababu kupata vijana 11 ilikuwa mtihani, na mechi ya kwanza ilichezwa mji wa Hebron mwaka huohuo.

Sasa kuna kitu wengi hawakitegemei. Mtu akisikia Mdororo Mkuu, yaani uchumi ulivyoanguka miaka ya 1930, anafikiri watoto waliacha shule kwa wingi, kumbe kwa nchi nzima ilikuwa kinyume. Mwaka 1930 wanafunzi wa sekondari Marekani walikuwa kama milioni 4.4, mwaka 1940 wakawa kama milioni 6.6, na waliomaliza walitoka chini ya theluthi moja ya vijana wa umri huo wakafika karibu nusu. Sababu haina ugumu, kazi hakuna. 1933 mtu mmoja kati ya wanne alikuwa hana ajira, baba mwenyewe anazurura, kijana wa miaka 16 nani atampa kibarua? Bora akae darasani kwenye joto. Halafu kuanzia 1935 serikali ya rais Roosevelt ikaleta mpango wa NYA wa kusaidia vijana, mwanafunzi wa sekondari anafagia, anapanga vitabu maktaba, anachapa barua za ofisi, analipwa mpaka dola 6 kwa mwezi, na dola 6 wakati huo ilikuwa inatosha kumtofautisha anayemaliza na anayeacha. Ila darasa lako limemaliza mwezi wa tano 1935 na mpango umeanzishwa Juni, yaani wamepishana mlangoni. Hao 13 hawakubebwa na yeyote isipokuwa wazazi wao na mikono yao, hilo mi ningeliandika.

Wavulana. Kwanza wasichana ndio waliokuwa wanamaliza zaidi kwa kawaida, hata kabla ya shida. Mvulana ni mikono ya shamba, baba akishindwa kumlipa kibarua anamtoa mtoto. Wengine waliingia CCC, kambi za kazi za serikali kwa vijana zilizoanza 1933, fikiria JKT yetu ya zamani lakini jembe bila bunduki: wanapanda miti, wanajenga mabwawa na kuzuia mmomonyoko, wanalipwa dola 30 kwa mwezi na 25 kati ya hizo zinatumwa moja kwa moja nyumbani. Wengine walidandia treni za mizigo kutafuta kazi magharibi na hawakurudi.

Na nyie Kansas magharibi mlikuwa na balaa la pili juu ya balaa. Ngano mwaka 1929 ilikuwa kama dola 1 kwa busheli (ni kama kilo 27), 1931 wakavuna kuliko walivyowahi kuvuna na bei ikaanguka chini ya senti 40, hasara tupu, wakalima zaidi ili wafidie, halafu mvua ikakata na ardhi iliyopinduliwa yote ikaanza kuruka. Muulize bibi kama mama yake aliwahi kumtajia Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935, wanaiita Jumapili Nyeusi, wingu la vumbi lilishuka mchana likafunika mpaka Oklahoma na Texas, mtu haoni mkono wake. Huo ni mwezi mmoja tu kabla ya mahafali ya hilo darasa! Masika ile shule zilifungwa mara kwa mara, mama wanatundika shuka mbichi madirishani, watoto na wazee wanakufa na nimonia ya vumbi mpaka Msalaba Mwekundu ukafungua hospitali za dharura. Kwa hiyo ukiangalia zile sura 13 zimechanwa nywele vizuri jua wamepiga picha katikati ya hayo. Magauni pia yaangalie kwa makini, mifuko ya unga ya enzi hizo ilikuwa ya kitambaa cha pamba, kama merikani yetu, na akina mama waliishona nguo, mpaka viwanda vikaanza kuichapa maua makusudi ili mama achague unga kwa maua.

Maneno ya kasia usihangaike nayo sana, kila darasa lilichagua kauli yake, ua lake na rangi zake, na hiyo ya kasia ilichaguliwa na shule nyingi mno, hata zisizo na ziwa wala mto.

Miss. Hapo bibi aseme wazi maana wajukuu hawaamini. Mwalimu wa kike akiolewa sehemu nyingi alikuwa anapoteza kazi, na wakati wa mdororo ilizidi kukaza, hoja yao ni kwamba mshahara mmoja kwa nyumba unatosha, mwenye mume asimzibie mwingine. Kuna waliofunga ndoa kimyakimya wakaendelea kuitwa Miss mwaka mzima. Na huo mshahara wenyewe wilaya ikiishiwa inakupa hati ya ahadi ya kulipwa, sio hela, ukipeleka dukani mwenye duka anaikata anakupa pungufu ya ilivyoandikwa. Benki maelfu zilianguka kati ya 1930 na 1933, sasa shule ingelipa kutoka wapi.

La weusi. Sheria ya Kansas iliruhusu kubagua shule za msingi na kwa miji mikubwa tu (sekondari ni Kansas City peke yake), ndio hiyo iliyokuja kupingwa Topeka, mji mkuu wa Kansas, ikaamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani 1954. Mji mdogo kama wenu watoto walikaa darasa moja, kwa hiyo kama hakuna mweusi kwenye picha mara nyingi ni kwa sababu familia za weusi hazikuwepo au zilikuwa chache. Sio kwamba Kansas magharibi haikuwa nazo, mtafute Nicodemus kwenye ramani, mji ulioanzishwa 1877 na watu waliotoka utumwani Kentucky. Ila kusini kabisa, Mississippi na Georgia huko, kuna kaunti nyingi ambazo mtoto mweusi hakuwa na sekondari ya serikali hata moja ya kwenda, kwa hiyo hata picha ya ubao hawana.

Sasa hilo la "sote tulikuwa maskini". Nitasema ninavyoona mimi. Liandike, ni neno la marehemu na ni haki yake, ila usiliache peke yake. Anayesema hivyo ni aliyemaliza. Kuna mwenzake wa la tisa aliyejua vizuri sana kwamba yeye ni maskini kuliko wengine, ndio maana hayupo hapo ukutani, na mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mpangaji shamba hawakuwa sawa hata vumbi lilipowafunika wote. Picha za hivi zinahesabu waliofika, na mji ukikumbuka kwa picha basi unawakumbuka hao hao tu miaka 90.

Kwa hiyo fanya hivi. Sensa ya Marekani inafunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Chukua ya 1930 ya mji wenu na vitongoji vyake, ni kurasa chache tu, andika majina ya watoto wote wa miaka 12 na 13, hao ndio walitakiwa kumaliza 1935. Linganisha na ubao. Watakaobaki nje ya ubao watafute kwenye sensa ya 1940, iliyofunguliwa 2012, ina maswali mawili matamu: ulikuwa unaishi wapi 1935, na ulisoma mpaka wapi. Ukiona H-2 maana yake mtu alifika mwaka wa pili wa sekondari akaishia hapo. Wasichana watakusumbua kwa vile wengi watakuwa na jina la mume, hapo ingia kwenye gazeti la mji, matangazo ya harusi hayakosi. Wavulana wa 1935 walikuwa na miaka 22 au 23 usajili wa jeshi ulipoanza Oktoba 1940, kwa hiyo kadi za usajili nazo zipo. Ukipata hata majina manne au matano bibi ayasome pamoja na yale 13, karamu za huko wana desturi ya kuita madarasa kwa mwaka na wahusika kusimama, basi wasimame wajukuu wa pande zote mbili, wa waliomaliza na wa walioacha.

SWALI: Mhariri, mi niko Mbeya ni mkulima wa mahindi. Kuna mtu aliniambia wazungu Marekani miaka hiyo walichoma mahindi badala ya kuni na watu wana njaa. Ni kweli au stori za vijiweni?

JIBU: Ni kweli kaka. Majira ya baridi ya 1932 kuingia 1933, Iowa na Nebraska, mahindi yalishuka mpaka sehemu nyingine kama senti 10 kwa busheli na makaa ya mawe yalikuwa ghali kuliko hapo, kwa hiyo mkulima akiuza mahindi anunue makaa anapata hasara mara mbili, akayatia jikoni. Watoto wa shule wa enzi hizo wanakumbuka nyumba inanuka bisi. Njaa ilikuwa mijini na mahindi yalikuwa shambani, na kuyasafirisha kuligharimu kuliko thamani yake, hicho ndicho kilichowatia watu wazimu. 1933 serikali ikanunua kwa wakulima nguruwe wadogo kama milioni 6 ikawachinja ili bei ipande. Wewe wa Mbeya bei ya mahindi ikianguka msimu wa mavuno unajua mwenyewe hasira zake, sina la kukufundisha.

SWALI: Hizo sensa naweza kuziona nikiwa Nairobi ama lazima uwe Marekani? Shangazi yangu aliolewa Nebraska na mumewe anatafuta shule ya babake, wanaambiwa shule ilifungwa hakuna rekodi.

JIBU: Unaona popote penye intaneti, na huhitaji kulipa. Za 1940 na 1950 ziko kwenye tovuti ya hifadhi ya taifa ya Marekani, na tovuti ya FamilySearch wanazo pamoja na za nyuma zaidi, unajisajili tu. Kuhusu shule iliyofungwa, wasikubali hilo jibu haraka. Shule ndogo nyingi ziliunganishwa na jirani, Kansas kwa mfano sheria ya kuziunganisha ilipita 1963, na makabati yao mara nyingi yalihamia ofisi ya wilaya ya shule iliyowameza, kwa hiyo shangazi aulize pale, sio kwenye mji wa zamani. Wakikosa, maktaba ya mji na jumba la historia la kaunti, huko ndiko zile mbao za picha huishia. Akienda ana jina kamili na mwaka atahudumiwa upesi, akienda na "babake mume wangu alisoma hapa zamani" watamzungusha. Na kama babake alisoma miaka ya hamsini, sensa ya 1950 imefunguliwa 2022, ya 1960 itabidi asubiri mpaka 2032.