Re: Kwizi za uraia wa Marekani zinatosha kumuandaa mama?

Dada, umeuliza kama mama akipata alama zote kwenye zile kwizi za simu za kuchagua A B C D basi yuko tayari. Bado. Kule kwenye intavyuu hakuna cha kuchagua, ofisa anauliza kwa mdomo na mama anajibu kwa mdomo, kwa hiyo mtu aliyezoea kuona jibu limeandikwa mbele yake anaweza akakwama hata kwa swali analolijua kabisa. Kaa naye jioni umuulize wewe, aseme kwa sauti, na uyachanganye maswali asije akakariri mpangilio.

Pia angalia kwizi yenyewe ni ya lini, maana nyingi bado zina yale maswali 100 ya zamani. Waliotuma fomu N-400 (ile ya kuomba uraia) kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wanasoma maswali 128, wanaulizwa mpaka 20 na lazima wapate 12. Na majina ya gavana, seneta na spika yanabadilika, hayo chukua kwenye tovuti ya USCIS (idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani) sio kwenye app ya mtu.

Halafu hujasema mama ana miaka mingapi, na hili ni kubwa jamani! Kama ana 55 na grini kadi miaka 15, au 50 na grini kadi miaka 20, anaruhusiwa kufanya kwa Kiswahili na mkalimani. Akiwa na 65 na grini kadi miaka 20 anasoma maswali 20 tu, anaulizwa 10, akipata 6 amepita. Tuandikie umri wake hapa tukusaidie.